Stendi ya kamera: maswali ninayoulizwa mara kwa mara na wapigapicha wa Tanga

Maswali haya yametoka kwa wenzangu wa Tanga mjini, Muheza na Pangani. Wengi wanapiga harusi, wachache wanapiga mandhari, na wapo vijana wanaonijia na simu tu mkononi. Nikisema stendi nakusudia tripodi, yenye miguu mitatu. Ya mabasi pale Kange ni habari nyingine.

## Ya mwanzo

Kamera yangu ina kizuia mtikisiko. Stendi ya nini tena?

Kizuia mtikisiko kinakusaidia pale mkono unapotetemeka kidogo na shata, yaani muda kamera inapokea mwanga, iko, tuseme, 1/15 ya sekunde. Shata ikifika sekunde 5 au 10 hakuna mkono wa binadamu utakaotulia. Ingia ndani ya mapango ya Amboni, ambako mwanga ni wa tochi ya mwongozaji na vitundu vichache vya juu, uweke ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100 uone kamera inakudai sekunde ngapi.

Sababu ya pili haina uhusiano na giza. Kwenye picha za familia siku ya harusi, stendi inashika fremu ile ile wakati mashangazi wanaingia, wajomba wanatoka, na wewe umesimama pembeni unapanga watu badala ya kuchungulia kwenye kamera. Kama kazi yako yote ni sherehe za mchana uwanjani na lenzi fupi, basi pesa yako weka kwenye lenzi. Nasema hivyo ingawa ukurasa huu ni wa stendi.

Kwa nini inasemwa huwezi kupata ya bei nafuu, nyepesi na imara kwa mpigo?

Kwa sababu mguu wa stendi ni bomba, na bomba lina tabia zake. Likinenepa mara mbili huku ukuta wake ukibaki na unene ule ule, linakuwa gumu kupinda kama mara nane. Likirefuka mara mbili, mzigo ule ule unalipinda mara nane zaidi. Aliyewahi kuchagua mwanzi wa kusukumia mtumbwi analijua hili bila hesabu.

Sasa mtengenezaji anayetaka stendi nyepesi ana njia mbili: apunguze unene wa bomba, nalo lilegee, au atumie malighafi bora, nawe ulipe. Anayetaka bei ishuke anaweka plastiki kwenye maungio, na maungio ndiyo yanayoanza kucheza. Kwa hiyo ya bei nafuu na imara itakuwa nzito, nyepesi na imara itakuwa ghali, na ya bei nafuu na nyepesi itayumba. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouzwa zaidi. Ni waja leo, waondoka leo.

Kati ya bei, uzito na uimara, nianze na kipi?

Anza na usafiri wako, maana ndio utakaoamua kama stendi itatoka nyumbani au itabaki nyuma ya mlango. Mwenye gari asilipie wepesi hata shilingi. Kilo tatu kwenye buti hazimsumbui mtu. Mwenye baiskeli, nasi wa Tanga ndio wenyewe, anafunga kwenye keria stendi ya kilo mbili bila kuisikia. Kwa abiria wa bodaboda urefu ikiwa imekunjwa ni muhimu kuliko kilo: ikizidi sana upana wa mgongo itagonga watu, milango na vioo. Anayetembea kwa miguu kutoka Lushoto mjini kwenda kutazama bonde kutoka Irente, kilomita tano na ushei za kupanda na kushuka, huyo ndiye mwenye haki ya kulipia wepesi.

Kitu cha pili ni lenzi yako ndefu kuliko zote. Kadiri lenzi inavyovuta, ndivyo inavyokuza na mtikisiko. Pesa naiweka ya tatu, na nina sababu. Uzito unaweza kuuongeza pale pale kwa dumu la maji au kiroba cha mchanga, lakini mguu uliolegea haukazwi na kitu chochote utakachokibeba.

## Namba za kwenye boksi

Boksi limeandikwa "kilo 8". Kamera yangu haifiki hata kilo moja. Si inatosha?

Usiifuate namba hiyo moja kwa moja. Hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vinakifuata, kila kiwanda kinapima kwa namna yake. Mara nyingi maana yake ni kwamba mzigo huo hautaiangusha stendi, wala si kwamba picha itatulia.

Mimi nachukua uzito wa kamera na lenzi nzito kuliko zote, nauzidisha mara mbili hadi tatu. Mfano: Canon EOS 5D Mark IV ina gramu 890, na lenzi ya EF 70-200mm f/2.8L IS II ina gramu 1,490. Jumla gramu 2,380. Hapo natafuta stendi iliyoandikwa kilo 5 hadi 7, na kichwa chake, yaani kile kinachoshika kamera juu ya miguu, pia kiandikwe hivyo, kwa sababu stendi ya kilo 10 yenye kichwa cha kilo 3 ni stendi ya kilo 3.

Urefu gani unanitosha?

Upime bila kuinua nguzo ya kati, lile bomba linalopanda katikati ya miguu. Mtu wa sentimita 170 macho yake yako kwenye 158 hivi. Kichwa cha stendi pamoja na kamera hadi kwenye kitundu cha kuchungulia vinakula kama 20. Miguu ikifika 138 hadi 140 hutainama. Ukizoea kutazama kioo cha nyuma unaweza kupunguza zaidi, na kila sentimita unayopunguza inakuongezea uimara. Usisahau miteremko: mguu wa upande wa bondeni utataka urefu wa ziada.

Nguzo ya kati niiinue?

Ikibidi tu, na kidogo. Ukiipandisha yote umeweka mguu mmoja juu ya miguu mitatu. Refusha miguu kwanza.

Miguu ya sehemu tatu au nne?

Sehemu tatu ni imara zaidi kwa bei ile ile, kwani ina maungio machache na bomba la mwisho halijawa jembamba sana. Sehemu nne au tano inakunjika fupi, nyingine kufikia sentimita 40, inaingia kwenye begi la mgongoni. Lakini hilo bomba la chini kabisa, jembamba kama kalamu ya bango, ndilo linalosimama kwenye mchanga wakati upepo unavuma. Ukiwa na ya sehemu nne, liache hilo la chini ndani kila unapoweza. Lina kazi moja tu nzuri, nimeieleza kwenye swali la mchanga.

Kaboni au alumini?

Gitzo, kampuni iliyoanzia Ufaransa, ilitoa stendi ya kaboni mwaka 1994, na tangu hapo swali hili halijaisha. Kaboni ni nyepesi, inazima mtetemo upesi, na haikuchomi mkono ukiiacha juani saa saba mchana. Bei yake kwa kawaida ni mara mbili au zaidi ya alumini ya ukubwa ule ule. Na inachookoa si kilo nyingi kama watu wanavyodhani: kwa stendi ya kawaida ni robo hadi theluthi ya uzito, maana kichwa, maungio na skrubu ni chuma na alumini vile vile.

Alumini ikigongwa inabonyea, nawe unaona. Kaboni ikigongwa vibaya inaweza kupasuka ndani ukaja kujua siku nyingine. Kuhusu chumvi, bomba la kaboni halipati kutu, lakini lina tabia moja isiyosemwa dukani: kaboni ikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Gundi ya maungio huwa inazitenganisha, ila ikichakaa utaona unga mweupe kwenye viungo. Kaboni ya pwani nayo inaoshwa, tazama swali la chumvi.

Ushauri wangu kwa wengi wetu: nunua alumini, tofauti ya bei iweke kwenye kichwa kizuri.

Vifungo vya klipu au vya kuzungusha?

Klipu unaona kwa macho kama imefungwa, na ikilegea unaikaza kwa ufunguo mdogo. Ya kuzungusha haina kona za kunasa nyavu wala shela la bibi harusi, na ukiizoea unafungua vyote vya mguu mmoja kwa mkupuo. Kwa mchanga, ya kuzungusha inahitaji kufunguliwa na kusafishwa mara nyingi zaidi. Chagua unayoipenda, uimara hautegemei hapo.

## Kichwa na skrubu

Kichwa cha gololi au chenye mikono?

Cha gololi ni kidogo, chepesi, unafungua kitasa kimoja unaelekeza unapotaka. Chenye mikono mitatu ni kizito na kinakwaza ukikibeba, lakini ukitaka kunyoosha mstari wa upeo wa bahari unasogeza upande mmoja bila kuharibu mwingine. Kwa majengo ya zamani ya mjini na magofu ya Tongoni mimi natumia chenye mikono. Kwa mengine yote, gololi.

Gololi ndogo na ya bei ya chini ina ugonjwa wake: unafunga, unaachia mkono, kamera inashuka kidogo. Kwa lenzi pana hutaona. Kwa lenzi ya milimita 200 utapanga fremu mara tano.

Napiga video za harusi. Kichwa hicho hicho kitafaa?

Hapana. Kumfuata bibi harusi kutoka mlangoni hadi jukwaani kunataka kichwa cha video chenye mafuta ndani, kinachogeuka kwa ulaini bila kuruka. Ukiweza pata stendi yenye bakuli juu, la milimita 75 ndilo la kawaida, ili usawazishe kichwa bila kuhangaika na miguu. Hapo uzito ni rafiki. Stendi ya video iliyo nyepesi sana inageuka yote pamoja na kichwa.

Kibao cha kichwa changu hakiingii kwenye cha mwenzangu, na skrubu ya kamera haiingii kwenye stendi. Tatizo nini?

Hayo ni matatizo mawili. Skrubu ziko za aina mbili: robo inchi, inayoingia chini ya karibu kila kamera, na 3/8 ya inchi, inayounganisha kichwa na miguu. Kipete cha kuzigeuza ni kidogo kama pete ya kidoleni na bei yake ni ndogo, nunua viwili kwa sababu kimoja kitapotea.

Vibao, vile vipande vinavyofungwa chini ya kamera na kuingia kwenye kichwa, kila kampuni ilikuwa na chake. Siku hizi wengi wamefuata umbo la Arca-Swiss, lenye upana wa milimita 38 hivi. Ukianza leo, anza na hilo, ili ukipoteza kibao usipoteze na kichwa.

## Pesa

Kaka, nina laki moja tu. Nifanyeje?

Usikimbilie mpya yenye vifungo vya plastiki na kishikizo cha simu cha bure. Tafuta alumini iliyotumika, ya sehemu tatu, kubwa, hata kama rangi imechunika. Stendi haizeeki kama kamera: haina betri, haina programu, na ya miaka kumi na tano ambayo vifungo vyake vinashika inafanya kazi sawasawa na ya jana. Wasio na haraka wanazipata kwa wapigapicha wanaohamia kwenye vifaa vyepesi.

Mimi nilianza na mpya ya bei ya chini kutoka duka moja la Dar es Salaam. Mwezi wa tatu tangu niinunue, alfajiri pale Raskazone, klipu ya mguu mmoja iliachia wakati nimeinama kutafuta rimoti. Kamera iliangukia mchanga mbichi, lenzi ikaingia chembe ndani, na bei ya fundi ilizidi bei ya stendi.

Dukani nitaijaribuje?

Nenda na kamera yako. Refusha miguu yote, weka viganja juu ya bamba la kichwa, bonyeza kwa uzito wa mwili kiasi, halafu jaribu kuisokota kama unayekamua nguo. Ikiteleza mguu, iache. Ikisokotwa ikageuka kwenye mabega, pale miguu inapokutana juu, iache pia.

Kisha funga kamera, washa kioo, kuza picha mara kumi, elekeza kwenye maandishi ya ukuta wa pili, na ugonge mguu mmoja kwa kidole. Hesabu. Picha ikitulia ndani ya sekunde moja au mbili, ni nzuri. Ikiendelea kuchezacheza hadi umefika nne, muuzaji atakwambia yote ila hilo. Hakuna namba ya boksi inayolingana na jaribio hili.

Iliyotumika nikague nini zaidi?

Fungua kila kifungo mwenyewe. Tafuta unga mweupe au kutu ya chumvi, hasa kama mwenye nayo ni wa pwani. Viringisha kila bomba kwenye meza uone kama limepinda. Uliza kibao kiko wapi. Stendi isiyo na kibao ipunguziwe bei.

## Pwani, upepo na pango

Mchangani miguu inazama. Nafanyaje?

Izamishe wewe kabla haijazama yenyewe. Isukume mmoja mmoja hadi igome, ndipo usawazishe. Usikanyage karibu na mguu wakati shata iko wazi.

Kwenye maji ya ukingoni, fungua kwanza sehemu ya chini kabisa na uache za juu zimefungwa, ili kifungo kikae juu ya maji na mchanga. Hii ndiyo kazi ya lile bomba jembamba. Kila wimbi linaporudi linachimba mchanga chini ya miguu, kwa hiyo piga kati ya wimbi na wimbi, kisha kagua upeo wa bahari kama bado umenyooka.

Na soma jedwali la maji kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka kwa mita tatu hivi. Kwenye fungu la Maziwe, kule Pangani, mchanga wenyewe unafunikwa, kwa hiyo muda wa kufungasha anao nahodha.

Upepo wa kusi unaangusha kila kitu. Nining'inize begi?

Ndiyo, lakini lisibembee. Begi linalobembea chini ya nguzo linatikisa kuliko upepo. Lifunge kwa kamba fupi ya mkonge, hiyo tuliyo nayo tele, liguse ardhi kidogo. Dumu la lita 5 lililojaa ni kilo 5, na unalijaza huko huko. Fungua miguu kwa upana zaidi, shusha stendi, vua mkanda wa shingoni kwenye kamera kwa sababu unapepea kama bendera, na usimame upande upepo unakotoka.

Baada ya baharini niioshe vipi?

Siku hiyo hiyo, kwa maji ya bomba. Refusha miguu yote, mwagia, futa, iache wazi kivulini hadi ikauke. Kuikunja ikiwa mbichi ni kuifungia chumvi ndani. Kila baada ya safari kadhaa fungua vifungo vya kuzungusha, toa mchanga kwa mswaki wa zamani, paka grisi isiyoyeyuka kwa maji kwenye nyuzi za skrubu, kidogo tu. Usimwage oili ya baiskeli. Mchanga unaipenda.

Amboni nibebe stendi ipi?

Fupi. Kuna njia za kuinama na kona nyembamba, na stendi ndefu mgongoni itagonga miamba ya chokaa ambayo haitengenezwi tena. Mipira ya miguu inashika vizuri kuliko misumari kwenye mwamba. Kinyesi cha popo kitaingia kwenye vifungo, kwa hiyo ukirudi fuata kanuni ya chumvi hapo juu. Mwambie mwongozaji mapema kwamba utasimama dakika kadhaa kila mahali, na malizana na getini kuhusu ada ya kamera kabla ya kuingia.

Ukumbini sakafu inatikisika wakicheza.

Hapo hakuna stendi itakayokuokoa, hata ya kaboni, kwani inayotikisika ni dunia yenyewe. Ondoka kwenye jukwaa la mbao, shuka kwenye saruji, kaa karibu na nguzo ya jengo. Spika kubwa nazo zinatetemesha miguu; mita tatu za umbali zinasaidia. Funga miguu kwa utepe unaoonekana, la sivyo mtoto wa mtu atajikwaa.

## Yasiyo ya kila siku

Nina stendi nzuri na picha bado zimetikisika. Kwa nini?

Mara nyingi ni kidole chako. Tumia taima ya sekunde 2 au rimoti. Kama kamera ina kioo cha ndani kinachopiga, kiinue kwanza, hasa shata ikiwa kati ya 1/30 na sekunde moja. Hapo pigo lake linaonekana zaidi. Zima kizuia mtikisiko cha lenzi za zamani, kwani kikikosa cha kuzuia kinaanza kutafuta. Kama ni nyota zimekuwa vistari, stendi haina kosa: ni dunia inazunguka. Gawa 500 kwa milimita za lenzi. Kwa 24 unapata kama sekunde 20, usizidishe.

Mpira Mkwakwani, stendi inaruhusiwa?

Pembeni mwa uwanja miguu mitatu inakera wapita njia na waamuzi. Chukua monopodi, yaani mguu mmoja. Inabeba uzito wa lenzi, inageuka na mchezo, na ni nyepesi. Haisimami yenyewe, usije ukaiachia Coastal Union wakifunga goli.

Natumia simu tu. Yote haya yananihusu?

Kwako wepesi unashinda, maana simu ni gramu mia mbili hivi. Stendi ndogo inatosha, mradi kishikizo kiwe cha chuma na skrubu ya robo inchi, ili siku ukinunua kamera ukibadilishe juu tu. Upepo ndio adui yako, funga chupa ya maji.

Mguu mmoja unateleza taratibu. Nitupe?

Bado. Kwa klipu, kaza nati ya pembeni robo mzunguko. Kwa ya kuzungusha, fungua kabisa: ndani kuna vipande viwili vya plastiki vinavyobana bomba, angalia kama vimelowa grisi, vimelika au vimepinduliwa. Vifute kwa kitambaa kikavu, maana grisi ni ya nyuzi tu. Vikiwa vimelika, fundi baiskeli mwenye mikono mizuri anaweza kukukatia vingine kutoka kwenye chupa ngumu ya plastiki. Vyangu vilikatwa Ngamiani, na hadi leo vinabana.